Volti Tano

Ambilikile kaileta Uyole kwa kamba,
pikapu ina magunia kumi na mawili ya viazi vya Isyonje
na ukungu wa Isyonje bado umelala kwenye kioo.
"Imezima mlimani, dada Bupe. Taa ya injini inawaka,
nikikanyaga mafuta ni kama nakanyaga udongo."

Katoa mfuko wa rambo.
Ndani, sensa tatu kuukuu kwenye gazeti:
ya pedali, ya manifoldi, ya koo la injini.
Mafundi watatu, na kila mmoja
kachomeka mashine, kasoma jina, kanunua jina.
Wa mwisho, wa Mwanjelwa, kasema boksi la kompyuta limekufa,
lete laki tisa.

Mashine yangu niliiacha kabatini.
Mashine hutaja wanaolia,
haimtaji aliyewapiga.

Nikamwita Lwitiko: lete mita, hasi weka kwenye bodi.
Si hapo penye rangi. Kwangua, chuma kionekane.
Washa swichi, injini iache.
Chomoa soketi ya pedali. Huu waya ni wa kurudi,
huu wa kupeleka habari,
na huu wa kijivu ni wa volti tano,
rula ambayo sensa zote hupimia.
Kasoma: sifuri nukta nne.
Kaitikisa mita kama redio yenye betri chovu.
Sifuri nukta nne.
Tukahamia soketi ya jirani: sifuri nukta nne.
Kwa jirani wa jirani, hivyo hivyo.

Kwetu Masukulu, nikamwambia, bomba la kijiji ni moja,
linashuka toka mlimani.
Siku ndoo zote zikiamka kavu
hakuna mwenye akili anayekwenda kununua ndoo.
Unafuata bomba, nyumba kwa nyumba,
unafunga koki, unasikiliza,
mpaka ujue ni kwa nani maji yanaingia ardhini.

Basi tukafunga koki.
Mimi nachomoa, yeye macho kwenye mita.
Pedali: bado. Manifoldi: bado. Koo: bado.
Ikaanza ile mvua ya Uyole isiyonyesha,
inayokaa tu hewani kama mgeni asiyeaga.
Presha ya mafuta: bado.
Hapo niliogopa, sifichi.
Labda waya umechubuka ndani kabisa, kwenye mafundo.
Labda yule wa Mwanjelwa kasema kweli.

Kisha nikakumbuka kimoja, chini, nyuma ya grili,
kwenye bomba jembamba la gesi.
"Hicho cha nini?"
Cha kiyoyozi.
Ambilikile kacheka hadi kofia ya sufu ikamdondoka.
Kiyoyozi! Isyonje,
ambako mwezi wa saba majani ya viazi yanaungua kwa baridi!
"Tangu ninunue gari sijagusa kile kitufe."

Hukigusi, nikasema, lakini chungu ni kimoja na chenyewe kinakula.
Nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko,
nikabana kwa kucha, nikavuta.
Soketi ikatoka na tone la maji,
na ndani kutu ya kijani, shaba imeshikana na shaba.

"Nne nukta tisa tisa!"
Lwitiko kapaza sauti, mpaka muuza chipsi
wa ng'ambo ya barabara kadhani ni goli.

Nyingine nikazirudisha, ile nikaifunga tepu.
Injini ikaitika kwa wito wa kwanza.
Ambilikile kasimama na mfuko wake,
sensa tatu zisizo na kosa lolote.
"Hujafunga kipya hata kimoja. Nakulipa nini?"
Nikamwonesha mita.
Kawaza. Katoa elfu thelathini,
kaongeza debe la viazi,
kisha karudi kapunguza viwili vikubwa.

Nikaandika daftarini: kilichobadilishwa, hakuna.
Tepu nyeusi, shubiri moja.
Jioni nikamkuta Lwitiko kaifungua redio ya kibanda,
mita mkononi,
anatafuta tano.