Ukiitwa, Usigeuke

Umeme ulikatika Kasuarina
nikapiga hodi, koroboi mkononi.
Nyanya Anyeze hakuitika.
Nilimkuta kabatini, katikati ya madera,
magoti kifuani, na miaka yake themanini na sita,
akisoma Salamu Maria upesi upesi
kama mtoto aliyeonyeshwa fimbo.

"Ni mimi, Mbeyu. Nimeleta uji."

Vita, akasema. Kwao, Italia.
Watawa walimkata nywele,
wakampa jina la msichana aliyekufa kwa homa,
siku ya kuzaliwa ya yule,
mji wa yule, msalaba wa yule shingoni.
Mamake alimwinamia mlangoni:
Ukiitwa kwa jina letu, usigeuke.
Hakurudi kuja kumwambia sasa geuka.

Kwetu mtoto hupewa jina la nyanya
ili nyanya asipotee.
Yeye alipewa la maiti asiyemjua
ili asipotee yeye.

"Kwani hasa waitwa nani?"
Akatazama dirisha. Akatazama mlango.
Akalitia sikioni mwangu, lina joto la uji:
Alegra.

Stima zikarudi. Friji ikanguruma.

Asubuhi, nikifungua mapazia,
nililijaribu, polepole, nyuma ya kisogo chake.
Hakugeuka.