Swali la Saba

Kitabu kilikuja ndani ya boksi la msaada,
kona za jalada zimelowa, kina harufu ya ghala.
Ukurasa wa arobaini na moja, swali la saba:
Kutoka Vienna hadi Praha ni kilomita mia mbili hamsini.
Ndege hutumia dakika hamsini.
Tafuta mwendokasi.

Nililiandika ubaoni kama lilivyo.
Chaki ikakatikia kwenye Praha.

Kidato cha Pili B, sekondari ya kata, Liwale.
Wanafunzi arobaini na watatu, vitabu vitatu,
na nje mbuzi wa mpishi anatafuna ua la michongoma.
Somoe Ngaweje akanyoosha mkono:
"Mwalimu, hizo dakika hamsini ni za kiangazi au za masika?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka.
Nikamwambia, angani hakuna tope.
"Na wakikwama, nani anashuka kusukuma?"
Nikamwambia, kaa chini, andika.

Jioni nasahihisha kwa taa ya sola.
Mia tatu. Mia tatu. Mia tatu.
Mmoja kaandika tano, kasahau kwamba dakika si saa.
Daftari la Somoe lina mstari mmoja tu:
Haijulikani mpaka ufike.

Nikashika kalamu nyekundu,
nikachora mkono mmoja wa kosa,
wa pili ukagoma.

Maana Liwale hadi Nachingwea naijua mimi:
kilomita mia na thelathini hivi,
nusu ya Vienna na Praha, ukipenda hesabu.
Machi ile, simu ilipolia saa tisa usiku
kwamba mama kalazwa Ndanda,
nilipanda fuso la kreti za soda tupu.
Tuliondoka saa moja asubuhi.
Saa sita tuko Kiegei, ekseli imelalia matope
kama kuku aliyeatamia,
na utingo Likwata anakata matawi,
anayatandika chini ya tairi, anatukana kwa Kingindo,
anaomba radhi, anakata tena.
Tulilala pale pale.
Kila aliyejigeuza, chupa ziligongana.

Kesho yake, mto.
Ng'ambo tunaiona, mtu anaosha baiskeli,
mita thelathini, ukizidisha sana arobaini.
Mita zile zilitula saa nane.

Haya, iweke hiyo kwenye kanuni:
umbali gawanya kwa muda.

Nilifika Ndanda siku ya tatu.
Kitanda namba kumi na moja kimetandikwa shuka jipya,
limekunjwa vizuri pembeni, limenyooka.
Muuguzi akaniuliza, kwa upole kabisa,
"Kwani umetoka mbali?"
Nikafungua mdomo, nikakosa namba.

Sijui wa Praha wakiulizwa hivyo husemaje.
Labda hutazama saa ya mkononi.
Au labda yuko mmoja, kaketi dirishani,
dakika ya thelathini na tisa,
simu kaizima kwa amri ya rubani,
mawingu meupe chini yake, hakuna tope, hakuna mto,
na zile kumi na moja zilizobaki hazipiti,
hazipiti,
na hakuna pa kushuka akasukuma.

Somoe nimempa alama mbili kati ya nne.
Kesho atakuja kuzidai zilizobaki. Namjua.