Sekunde Moja Zaidi

Ndani ya boksi la filamu mna kikaratasi:
jua kali, fungua hivi; mawingu, hivi; kivulini, hivi.
Nilikifuata mwezi mzima kama mtoto wa madrasa,
na mwezi mzima watu wa Walukuba walitoka
meno na kola za shati, nyuso hamna.
Nabirye aliitazama yake, akanirudishia:
"Gauni umelipiga. Mimi ulinisahau wapi?"

Kikaratasi nikawashia sigireti.
Sasa nahesabu moja, nahesabu mbili,
naongeza moja isiyoandikwa popote.
Tulia, nawaambia. Hii ya mwisho ndiyo yetu.

Jumatatu hadi Jumamosi nasafisha picha kwa Jivraj, Barabara Kuu.
Mbele ya duka naingia na ufagio tu.
Chumba cha giza ndicho changu, huko nyuma,
kimepakana na choo cha kibao cha tatu.
(Vibao vitatu, milango mitatu, harufu moja.)
Jioni narudi nyumbani. Uwanja wa gofu siuvuki,
nauzunguka, maili moja na ushei.
Mji huu haukujengewa ukuta,
ulipandiwa nyasi, zikakatwa vizuri.
Kiboko hutoka mtoni usiku akapita katikati,
hana taa, hana kipande,
wala askari hamwulizi anafanya kazi kwa nani.

Jumapili kamera ni yangu kwa shilingi mbili,
Jivraj anazikata kwenye mshahara.
Afisa wa Habari aliwahi kunisimamisha:
leta ngoma, alisema, na mikuki kama ipo.
Nikampelekea Owor akipiga pasi suruali yake moja,
saruji ya bwawa bado kwenye kope.
Nikampelekea Adiru amelala mchana,
mguu mmoja nje ya kitanda, gazeti usoni.
Watoto wa nyumba namba kumi na saba
wakigombea nani ashike taa ya mafuta,
na juu yao nyaya za umeme
zikipita moja kwa moja kwenda kwa wengine.
Hakuna kitu hapa, akasema, akanirudishia bahasha.

Basi, hicho hakuna-kitu nimekitunza.
Kimejaa makopo manne ya samli.

Mwaka mpya Jivraj alishikwa na homa,
nikatumwa mimi klabuni, kwa mlango wa jikoni.
Wageni arobaini, meza ndefu, kofia za karatasi.
Kando kabisa, na sinia, Kiirya wa kwa Naigaga,
ananitazama kama anayesema: na wewe pia?
Usiku, chini ya taa nyekundu, negativu ikaamka kwenye dawa:
mabwana weusi tititi, mabibi weusi, meno kama mkaa,
na Kiirya peke yake mweupe kama pamba ya Busoga.
Nilicheka hadi nikamwaga dawa.
Kisha nikanyamaza. Nilikuwa nacheka na nani?

Nilipoichapa, kona yake niliikinga kwa kiganja
jinsi unavyomkinga mtoto na jua,
mwanga usimle,
uso ukabaki uso, na kile kikovu cha nyusi.

Asubuhi picha ikarudi na maneno kwa penseli:
Nzuri. Watumishi waondolewe.

Nikachukua wembe na rula.
Kilichoondoka kilikuwa upana wa vidole viwili:
Kiirya, sinia, nusu ya pazia.
Nikakitia mfuko wa shati, nikazunguka gofu.

Naigaga alikuwa anachambua maharage.
Akafuta mikono, akakishika kwa ncha za vidole,
akakisogeza mlangoni penye nuru, akakaa nacho kimya.
"Mbona ni chembamba hivi?
Kulikuwa na watu wengine hapa?"

Walikuwepo, mama, nikasema. Nimewakata.