Koskoli

Kopo la tumbaku nililikuta kwenye kizingiti cha dirisha,
Oktoba, baridi ikianza kuteremka Pirenei,
ndani yake mbegu za rangi ya chai iliyolala,
zenye mbavu kali, kila moja kama ukucha wa paka.
Quirze hakubisha hodi.
Tangu shamba la baba liuzwe kaka yangu habishi hodi.
Kipande cha karatasi tu, kwa ile hati yake ya kuparuza:
*Zipande leo. Zikikauka zinasahau.*

Zinasahau nini, sikuambiwa.
Nikazipanda leo hiyohiyo, kwa hasira,
katika chungu kilichomeguka mdomo,
nikakisukuma kwa mguu upande wa kaskazini wa nyumba,
pale ambapo hata kuku hapataki,
theluji ikakilalia mpaka Machi.

Ni ukoo wa karoti huu,
wamo jira na giligilani, yumo shamari,
watu wa jikoni, watu wa kufungwa mafungu sokoni.
Koskoli si wa mafungu.
Hukaa juu, penye mawe na maji ya kuuma meno,
na ukishuka bondeni hushuka kwa masharti.

Aprili ya kwanza: udongo.
Aprili ya pili: udongo,
na gugu moja nililolilea kwa adabu hadi Juni
nikidhani ndilo.
Bi Assumpta wa ng'ambo ya ua akaniuliza
kama ninamwagilia kaburi la panya.
Nikamwambia ndiyo, alikuwa panya mwema.

Aprili ya tatu, uzi wa kijani.
Nikapiga magoti, mimi mwenye magoti haya,
nikasugua ncha yake kidogo sana, nikanusa vidole
siku nzima, hata benki, hata nikitia sahihi.
Yuko nduguye mwenye sumu, anafanana naye kama pacha,
ila shina lake lina madoa ya zambarau.
Kila asubuhi nilitafuta madoa.
Sikuyaona. Niliendelea kuyatafuta.

Nikauhamishia kwenye ardhi mara moja tu, na udongo wake wote,
kama mtu anayebeba bakuli la supu ngazini.
Hata hivyo ulinuna mwaka mzima.
Mzizi wake ni mmoja, mrefu, unakwenda chini moja kwa moja;
ukiugusa haukugombezi,
unanyamaza tu.
Tabia hiyo naijua. Nimekula nayo meza moja utotoni.

Mwaka wa saba, Mei, majani yamefika kiunoni,
yamechanikachanika, yanang'aa kama yamepakwa mafuta,
lango likalia.
Quirze. Kisu mkono mmoja, chupa ya siki mkono mwingine.
"Mbona umeacha yakomae hivi?"
Kumbe miaka yote hiyo alihesabu.
Kumbe alikusudia saladi.

Nikasema: matatu. Ya pembeni. La katikati usiliguse.
Akayamenya kama mama alivyoyamenya,
akayatupa kwenye maji baridi hadi yakajikunja,
chumvi, siki, mafuta, kitunguu saumu.
Tulikula tumesimama. Kaskazini, chunguni, mvua iliyobaki.
Shamba halikutajwa.
Alifuta kisu kwa suruali, akasema lina uchungu kidogo,
sijui lipi.

Julai shina la katikati likafungua miavuli,
nyeupe inayoelekea njano, si ua la kumpa mtu;
nzi waliipenda, na mbawakawa mmoja mweusi
aliyelala humo siku mbili kama mlevi.
Bi Assumpta alikuja na kiti.

Sasa ni Oktoba. Kopo ni lilelile,
mbegu bado zina unyevu,
na leo ni leo.
Kwake ni mwendo wa dakika kumi na moja;
nimetumia arobaini, nikisimama kutazama kila ua wa watu.
Nimefika. Nimeinua mkono, sijagonga bado,
na mbwa wake, mpumbavu yule,
keshanitangaza.