Kasia la Tatu

Shujaa amewasili,
miaka kumi kamili;
wamechinja mafahali,
divai i mitungini.

Alikwenda na wenzake,
amerudi peke yake,
chumvi i ndevuni mwake,
Troya bado i kinywani.

Timareta hakuketi,
hana joho, hana kiti,
asimama kama mti,
tini kavu kiganjani.

Bwana anasimulia
tufani alopitia,
jini alomlilia
asibanduke pangoni.

Kila pepo ana jina,
kila mkondo wa kina;
ataja yote bayana,
wageni kimya mezani.

"Bwana," mama akasema,
"kasia la tatu nyuma,
nani alolisukuma
miaka yote majini?

"Ana kovu la utoto,
gumba liligusa moto;
hukoroma kama mto.
Damea, wa kilimani."

"Watu wengi," akanena,
"migongo tu niliona,
nyuso hatukuonana,
nilisimama omoni."

"Mgongo naliukanda
homa ilipompanda,
nisiondoke kitanda,
mafuta ya zeituni."

Shujaa akanyamaza,
kikombe akageuza
kama aliyepoteza
njia akiwa nyumbani.

Tini mezani kaacha,
akatoka; kumekucha.
Mbuzi wamngoja kucha
kukamwa kule zizini.