Weka Alama Moja Tu

Fomu ina kurasa tisa, na ukurasa wa nne
una visanduku vitatu: makazi, biashara, karakana.
Chini yake, kwa wino mzito: weka alama moja tu.

Moja tu, na nyumba yangu ina mlango wa mbele
unaouza vifungo, uzi, zipu za sare za shule,
na mlango wa nyuma wanaoingilia watoto kulala.
Katikati ipo cherehani, na cherehani haijui
saa ngapi ni karakana, saa ngapi ni meza ya chakula.

Tunachoomba si kikubwa. Ghala la pamba limebomolewa,
vimebaki viwanja kumi na viwili hapa Reli Ndogo.
Tunaomba vijengwe kama tulivyozoea Tororo:
duka chini, chumba juu, kibaraza kinachogusa njia,
umbali wa kumtuma mtoto chumvi
na sufuria bado iko motoni.

Ofumbi, mchoraji, alikuja na futi yake ya chuma.
Siku nne alipima, vumbi la saruji
likimpaka mvi za kukopa.
Alipima jiko la Nyaketcho anayekaanga chapati,
akampima kinyozi aliyeegemea ukuta wa nesi Akurut,
na kichochoro ambacho bodaboda haigeuki
lakini jeneza linapita. Tulihakikisha mwaka juzi.
Yote aliyaandika. Hilo la jeneza, kwa penseli.

Kisha tukasomewa vinavyotakiwa:
nakala sita za ramani, kipimo moja kwa mia tano,
hatimiliki, au barua ya kueleza kwa nini haipo,
risiti ya benki, muhuri wa mwenyekiti
(mwenyekiti yuko Malaba, muhuri uko mfukoni mwake),
na sahihi za majirani wa pande zote nne.
Kaskazini jirani yetu ni mwamba.
Nikauliza, mwamba utie sahihi wapi?
Karani hakucheka. Andika "hakuna," alisema.
Nikaandika. Mwamba ukatutazama dirishani
kama mtu aliyesikia jina lake likikatwa.

Usiku wa kuamkia siku ya mwisho
tulitandaza ramani mezani kwa Nyaketcho,
na kipande cha chapati kikaanguka
juu ya kiwanja cha saba.
Mafuta hayaombi kibali. Yalitambaa
yakavuka mpaka, yakaingia cha nane.

Ofumbi akashika kichwa. Kisha akashika rula.
Akapima doa: kwa kipimo chetu,
mita kumi na nane kwa kumi na moja.
Akalizungushia wino mwembamba,
akaandika ndani yake: uwanja wa pamoja.
Nakala tano zilizobaki akazichora vilevile,
doa bila mafuta, hadi jogoo wa Akurut.

Kamati ilikuwa na watu wanane na feni isiyozunguka.
Magari yatalala wapi? Maji ya mvua yataelekea wapi?
Tulijibu tulichojua.
Mwenye tai ya kijani akaweka kidole palepale:
"Huu uwanja nani aliubuni? Umekaa vizuri."
Sote tukatazama viatu vyetu.

Halafu akafika ukurasa wa nne.
Nilikuwa nimechora kisanduku cha nne kwa mkono,
kimepinda kidogo, na ndani alama,
na pembeni neno moja: tunaishi.
Alikitazama muda mrefu. Hakukikata.
Hakukikubali pia. "Siku thelathini," alisema,
akafunga faili kwa utepe uliokwisha rangi.

Leo ni ya kumi na tisa.
Saa saba mchana karani yupo kwa Nyaketcho,
amesimama kwenye kibaraza ambacho fomu yake haina jina lake,
anakula roleksi ya mayai mawili,
mkono mmoja tu.
Ule mwingine ameuficha nyuma, na bahasha,
isije ikaguswa na mafuta.