Rangi Isiyokuwepo

Miaka minne mradi wetu ulikuwa na sura moja:
mstari wa kijivu, na pembeni yake asilimia.
Kumi na saba nukta tatu. Kumi na saba nukta nne.
Watu elfu tisa walituazima kompyuta zao wakilala,
nasi tukaipa kila moja kipande cha hesabu,
kipande cha protini inayojikunja,
na asubuhi wakaamka, wakaona namba,
wakaenda kazini.
Haba na haba, sawa.
Lakini nani kati yao aliwahi kukiona hicho kibaba?

Kisha ikafika Oulu barua ya karatasi, yenye stempu,
mwandiko umeegemea kushoto kama uzio baada ya theluji:
*Mimi ni Tellervo Määttä, wa Kuhmo.
Kompyuta ilikuwa ya mume wangu.
Aulis alisema isizimwe. Oktoba akazimika yeye.
Bili ya umeme naimudu.
Chumba chake kina joto, paka amehamia humo.
Naomba tu kujua: inafanya nini?*

Nikaipeleka kwa Profesa Haapasalo.
"Kila picha ni wizi," akasema.
"Kila pembetatu utakayochora itakula sekunde za hesabu.
Sisi si sinema."
Hakukosea. Nilipima: asilimia sita.
Kompyuta mia tano na arobaini, usiku kucha,
za kutazamwa tu.
Na kutazamwa na nani? Picha ya namna hii
hujitokeza mtu akiondoka mezani;
ndio uchoraji pekee niujuao
unaongoja watazamaji watoke.

Niliandika hata hivyo, Jumamosi na Jumapili,
nje nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Kwanza vitone, kila atomu kitone,
vikatapakaa kama dengu zilizomwagika sakafuni.
Kisha nyuzi za kuviunga. Kisha utepe.
Kisha nikakwama kwenye rangi.

Maana hapo ndipo uongo unapoanza:
kitu hiki hakina rangi.
Ni kidogo kuliko wimbi la mwanga lenyewe;
mwanga hukipita
kama lori linavyompita sisimizi kati ya magurudumu.
Hakuna aliyekiona kikiwa chekundu,
wala atakayekiona.
Nikampa asiye na uso uso wa kuazima:
bluu ya kikombe changu chenye ufa,
njano ya taa za greda la theluji saa kumi na moja alfajiri,
na nyekundu ya matunda ya msituni
ambayo mama huyagandisha kwa ndoo.

Profesa akaja nyuma ya kiti changu. Akasimama, akasimama.
"Mkunjo ule wa kushoto," akasema, "mbona unarudi nyuma?"
Miaka minne ameusoma kwenye majedwali,
leo ndiyo anauuliza.
Tukatafuta hadi usiku.
Lilikuwa kosa langu: alama ya kutoa
mahali pa kujumlisha.
Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akavuta kiti.
"Rekebisha," akasema, "halafu uizungushe tena, polepole."

Tukapatana: ichorwe mara moja kila sekunde mbili,
wizi mdogo, wizi wa kuvumilika.

Machi ikaja barua ya pili.
*Nimeiona. Sikuielewa.
Inajikunja kama uzi wa soksi iliyofumuliwa,
uzi ambao bado unaukumbuka mguu.
Paka huipiga kwa kucha.
Aulis angeniambia jina lake, nami ningelisahau.
Ile nyekundu, tafadhali, ikoleze kidogo;
kioo chake ni cha zamani.*

Kuikoleza ni kubadili namba moja.
Niliibadili kabla ya chakula cha mchana,
na usiku ule, katika nyumba elfu tisa,
watu wakiwa wamelala au wametoka,
nyekundu ilikolea kidogo,
na hakuna aliyeuliza kwa nini.